Nilivyomlewesha Baba Njeri kwa Uji

Kuna kibanda cha mboga hapa Kinoo, hatua kama hamsini kutoka mlangoni pangu, na mimi sijanunua hata kitunguu hapo tangu ile Jumapili. Naenda cha mbali, napanda mlima, nanunua sukuma imenyauka na narudi nikihema, kwa sababu mama wa kile cha karibu huimba kwaya, na kila akiniona anainamisha kichwa upande mmoja, polepole, halafu anacheka mpaka anashika meza. Sawa, nimestahili. Lakini wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana kwa watu imeshaongezwa chumvi, kuna hata wanaosema mimi pia nilikuwa nimelewa.

Mimi kazi yangu ni kupiga video. Harusi, mazishi, ubatizo, mtoto akimaliza chuo, popote familia inapokusanyika na kuna hema, ukitazama pembeni utamwona Nafula wa Bungoma na kamera yake kwenye stendi. Na kwa miaka mingi nilikuwa na amani na kazi yangu. Picha zangu zilikuwa safi, kila mtu anaonekana, hata shangazi aliyerudi kwa foleni ya chakula mara tatu anaonekana mara tatu zote. Halafu nikapata harusi moja Spring Valley, bustani yenye nyasi mpaka unaogopa kukanyaga, na bibi harusi alipotazama kazi yangu akaniambia, kwa upole kabisa (na huo upole ndio uliniua), "Iko clear sana, Nafula. Lakini haina feeling."

Hiyo sentensi ilinikwama kooni wiki mbili. Mimi nilidhani kuonekana vizuri ndiyo kazi yenyewe.

Ndiyo nikajiandikisha darasa la filamu la kila Jumamosi huko mjini, ghorofa ya nne juu ya maduka ya simu, lifti iliharibika zamani na hakuna anayeiongelea tena. Mwalimu alikuwa jamaa mwembamba wa kuvaa kofia hata ndani ya nyumba, na swali lake lilikuwa moja tu: "Kamera iko wapi? Iko nje ya kichwa ya huyu mtu, ama iko ndani?" Alisema ikiwa nje, tunaona tu mtu amekaa. Ikiwa ndani, tunaona dunia jinsi akili yake inavyoiona wakati huo. Mwenye homa, picha ina ukungu pembeni. Aliyepotewa na fahamu zake, unalaza kamera upande, chumba kizima kinainama. Mwenye huzuni kuu, unapunguza mwendo, sauti za watu unazipeleka mbali kama zinatoka chini ya maji, na badala yake tunasikia moyo wake ukipiga. Na ule ukungu, akasema, si lazima uwe na mashine za bei, unachukua mafuta mazito ya kujipaka, yale ya kopo, unapaka kidogo kwenye kioo cha kulinda lenzi. Mimi nilitoka pale nikitembea Accra Road nimeinamisha kichwa nione mji ukilala upande, watu wakinipisha njia.

Sasa, baba mwenye nyumba wangu ni Mzee Kamau, ambaye sote tunamwita Baba Njeri. Huyu ni mtu ambaye nilipohamia Kinoo miaka mitatu iliyopita alinipa kile chumba cha nyuma kiwe studio yangu, akaniwekea kufuli mpya kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo akinitambulisha kwa watu anasema "Nafula wangu". Mkewe alifariki kabla sijamjua. Kitu kimoja tu alichokitaka duniani, na alikitaka waziwazi kama mtoto, ni kuwa mzee wa kanisa. Jina lake lilishawahi kupelekwa mara moja likarudishwa, wakasema ni kwa sababu ya mambo ya zamani. Mimi nikadhani mambo ya zamani ni siasa, ama mpaka wa shamba, sikuuliza. Mwaka huu likapita. Alishona suti mpya kijivu akaitundika sebuleni mahali kila mgeni angeiona, na alihesabu siku.

Wiki tatu kabla ya hiyo siku yake, Njeri bintiye alikuwa na ruracio, na mimi ndiye mpiga video. Kwa wasiojua, ruracio ni siku wakwe wanapokuja kuzungumza mahari, na kuna saa moja ndani ya nyumba, wazee wachache tu, ambapo baba wa msichana anakunywa kwenye pembe ya ng'ombe kuonyesha amekubali. Tangu enzi za mababu ndani ya ile pembe huwa muratina, pombe ya kienyeji. Lakini watu waliookoka wameacha muratina na hawakuacha pembe, kwa hivyo wanatia uji mchachu wa wimbi, na mambo yanaendelea. Hayo niliyajua. Kama ningeyafikiria kwa dakika mbili zaidi leo ningekuwa nanunua mboga karibu.

Asubuhi hiyo nikiwa napanga taa nikaona kiti kando ya kiti cha Mzee, kitupu, kimetandikwa lesso ya kahawia yenye maua. Mjomba mmoja alipotaka kukikalia Mzee akamwambia taratibu, "Hapo kuna mtu." Na mimi nikajua anakunywa ile pembe leo na pembeni yake hakuna mama, na nikajiambia, Nafula, leo kamera inaingia ndani ya kichwa. Nikatoa kikopo cha mafuta kwenye mkoba. Nikapaka kioo, kidole kimoja tu, kuzunguka pembeni. Huo ndio uamuzi wangu mdogo, kidole kimoja cha mafuta ya kujipaka.

Mzee akainua pembe, akanywa, akatazama kile kiti. Mimi nikalaza kamera upande. Akainuka kurekebisha lesso iliyokuwa imeteleza, akaruka fimbo ya nduguye iliyokuwa sakafuni, akajishika ukutani kidogo, akarudi, akasema, "Karibuni nyumbani. Mungu ni mwema." Sekunde chache tu. Niliporudi studio nikazifanya dakika mbili nzima. Nikapunguza mwendo wa picha. Nikapunguza na sauti yake, ikawa nzito. Nikaweka moyo unaopiga, du-du, du-du. Nikapeleka darasani mjini, wakapiga makofi, na mwalimu akavua kofia (mara ya kwanza tuone kichwa chake, kina kipara kidogo) akasema, "Umeingia ndani ya mzee." Nilirudi Kinoo nikiwa mrefu.

Ndipo kanisa likaamua kwamba kila mzee mpya atambulishwe kwa video fupi kwenye ile skrini kubwa ya mbele, waumini wamjue. Wengine wakapeleka picha wakikata keki. Baba Njeri akaniita, "Nafula wangu, si una ile yangu ya ruracio? Nasikia uliifanya hata mwalimu wako akashangaa." Nikamwambia aitazame kwanza. Akasema, "Mimi nijitazame kwa nini na najijua?" Njeri naye nilijaribu kumtumia kwa simu, faili ikawa kubwa ikakataa. Kwa hivyo mtu wa kwanza Kinoo kuiona ile kazi alikuwa kanisa lote kwa pamoja.

Nilikaa safu ya nne kando ya Njeri, nimevaa gauni, nangoja sifa. Taa zikapunguzwa. Pembe ikajaa skrini nzima. Baba Njeri akanywa, na akanywa, na akanywa (mwendo niliupunguza sana hapo), uji ukabaki kwenye masharubu, na nyumba yake ikaanza kulala upande taratibu. Ukungu ukaingia. Akainuka akiwa amelala pembeni pamoja na ukuta na kabati la vyombo, akanyanyua mguu juu sana bila sababu, kwa sababu ile fimbo ya nduguye nilikuwa nimeikata nje ya picha ili isiharibu uzuri. Akaparamia ukuta. Spika za kanisa letu zilinunuliwa kwa mikutano ya uwanjani, kwa hivyo ule moyo ulipiga mpaka viti vikatetemeka. Halafu akafungua mdomo, na sauti ikatoka kwenye shimo refu: "Kaaa-riii-buuu-niii nyuuu-mbaaa-niii. Muuu-nguuu..."

Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Ngai." Mwingine akasema kwa huruma, "Woi, amerudia."

Nikamgeukia Njeri. "Amerudia nini?"

Njeri hakunitazama. "Baba alikuwa mlevi, Nafula. Kinoo yote inajua. Ni miaka kumi na moja hajaonja."

Niliiona shingo yake kule mbele, ya Baba Njeri, juu ya kola ya ile suti kijivu, imenyooka, haigeuki. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile, na video ilikuwa bado haijafika hata nusu.

Mchungaji, mama mmoja mtaratibu asiyependa vituko, akasimama akasema kwaya itatuongoza kwa wimbo huku wazee wakishauriana kidogo. Na karani wa kanisa, Mzee Gathogo, mtu wa miwani mizito na daftari, akanyoosha kidole moja kwa moja kwangu.

Chumba cha wazee ni kidogo, kina meza, jagi la maji na milango miwili. Wazee saba walikaa, mimi nikasimama.

"Hiyo pembe ilikuwa na nini?" karani akauliza.

"Uji, mzee. Wa wimbi."

"Na ni uji ulimfanya ainuke hivyo?"

"Hakuinuka hivyo. Ni mimi nilimwinua hivyo."

Akaandika. "Nani mwingine alikuwa kwa hiyo nyumba, atuambie ilikuwa uji?"

Nikamwambia ni ndugu wawili wa Mzee, na wale wakwe walisharudi kwao mbali. Wazee wakatazamana. Hao ndugu wawili hawajaokoka, walikuja na muratina yao wenyewe kwenye dumu, na kwa kweli hata mimi nisingewaita mahakamani, kwa sababu mmoja wao aliniaga siku hiyo mara nne na mara mbili alikuwa anaaga stendi ya kamera.

"Basi lete ile ya kwanza," Mchungaji akasema. "Kabla hujaweka hizo vitu zako."

Nikaeleza kwamba hakuna ya kwanza, mafuta yalikuwa kwenye kioo tangu mwanzo, na kamera niliilaza kwa mikono yangu, na picha ya mwendo wa kawaida pamoja na sauti yake nilizifuta kupata nafasi kwenye kompyuta. Nikaanza kueleza mambo ya nje ya kichwa na ndani ya kichwa, nikaona nyuso saba zikinitazama kama naongea Kibukusu. Huko nje kwaya ilikuwa imemaliza beti zote za wimbo wao na nikasikia wameurudia kutoka juu.

"Mzee Gathogo," nikasema, na sijui ujasiri ulitoka wapi, "naomba miwani yako."

Akanipa, nadhani kwa mshangao tu. Nikatoa kile kikopo (bado kilikuwa kwenye mkoba, mafuta ni mafuta, magoti hukauka) nikapaka kidole kimoja kuzunguka kila kioo, nikamrudishia. "Mtazame Mchungaji. Unaona nini?"

Akatazama. "Naona Wachungaji wawili."

"Umekunywa?"

"Wewe msichana, mimi sijawahi kuonja pombe tangu nizaliwe."

"Sasa inamisha kichwa. Zaidi kidogo. Chumba kiko aje?"

"Kinaanguka," akasema, na akashika meza.

Mzee mwingine akataka naye ajaribu. Mchungaji mwenyewe, ambaye nilisema hapendi vituko, akatoa simu yake, nikamwonyesha pa kubonyeza, akamrekodi karani akirudia yale maneno yake, na tukayachezesha kwa mwendo wa pole. "Miiimi siiija-waaahi kuooonja pooombe," karani akasema kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyetolewa kwenye mtaro, na wazee wawili wakalazimika kugeukia ukuta. Nikaona mwanga. Nilikuwa nimewashawishi, naapa, kesi ilikuwa imeisha.

"Basi wacha nimwite Kamau," karani akasema, akainuka haraka kama mtu wa kazi, na akasahau miwani ina mafuta, na akasahau kuinua kichwa, na kati ya ile milango miwili akachagua ule wa kwenda madhabahuni.

Tulimsikia kabla hatujamfikia. Alitokea mbele ya kanisa lote, kichwa kimelala begani, mkono mmoja umenyooshwa mbele, akakanyaga waya wa kinanda, akaikumbatia ngoma kubwa, akainuka nayo, na akamshika bega kiongozi wa kwaya (ndiye huyo mama wa mboga) akamwambia kwa heshima zote, "Kamau, kuja ujieleze."

Kwaya ilinyamaza katikati ya neno. Kutoka viti vya nyuma tukasikia mzee mmoja akiuliza, si kwa ubaya, kama mtu anayetaka kujua tu, "Hata karani?"

Mimi nilikuwa mlangoni na kikopo cha mafuta mkononi. Kila mtu alinitazama mimi, halafu kikopo.

Ni Baba Njeri aliyeinuka. Alitembea polepole, na nikajua kwa nini, alikuwa anaangalia kila hatua isije ikaonekana imepinda. Akamtoa karani mikononi mwa ngoma, akavua ile miwani usoni mwake, akaipangusa kwa tai yake mpya mpaka ikang'aa, akamvalisha. Halafu akachukua kipaza sauti.

"Mimi nilikunywa pombe miaka ishirini," akasema. "Mnajua, wengine mlinibeba. Sasa wacha niwaambie kitu ya mlevi, kwa sababu hapa ndani mimi ndiye mwenye kujua. Nikiwa mlevi sikuwahi kuona nyumba imelala. Hata siku moja. Nyumba ilikuwa imenyooka, barabara imenyooka, na mimi nimenyooka kuliko nyinyi wote. Hata nikiwa kwa mtaro nilijua nimesimama. Mlevi haoni vile mmeona kwa hiyo video." Akaangalia skrini ambayo bado ilikuwa imesimama kwenye picha ya mwisho, ukuta na kabati na kiti. "Lakini hiyo siku ya Njeri niliona hivyo. Vile vile. Nyumba ililala. Na nilikuwa nimekunywa uji, na hapo kando yangu hapakuwa na mtu. Sijui huyu msichana alijuaje. Mimi sikuwa nimemwambia."

Njeri alikuwa analia na amenishika mkono kwa nguvu, sijui kama ni kwa kunisamehe ama ni kwa kunizuia nisiondoke.

Mchungaji akauliza wazee kama kuna wa kupinga. Karani, miwani ikiwa safi sasa, akasema hakuna, na akaandika. Baba Njeri akapiga magoti na ile suti kijivu, wakamwekea mikono, na akawa mzee wa kanisa.

Mimi niliponyokea mlango wa upande wakati wa kupiga picha. Picha zenyewe nasikia mtu alipiga kwa simu na zimetoka vizuri sana, kila mtu anaonekana.

Siku mbili baadaye akabisha studio. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba msamaha na hata kuhama, nilishaanza kufunga nyaya kwenye katoni. Akakaa kwenye kiti changu cha plastiki akasema, "Niwekee hiyo kitu nione." Nikaiweka. Alitazama pembe, akatazama mguu wake ukipanda juu akaguna, lakini kamera ilipofika kwenye kile kiti akasogea mbele. "Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Simamisha." Nami nikaona kwa mara ya kwanza alichokuwa akikiona. Mafuta yalikuwa yametawanya maua ya ile lesso, na kwa namna kiti kilivyolala upande, ukungu ulikuwa umejaa pale kitini kuanzia mgongo mpaka mikono, umekaa kabisa, kama mama aliyejifunika akisikiliza wageni. Nikamwambia naweza kujaribu kuisafisha kidogo kwa kompyuta, iwe clear. Akasema, bila kugeuka, "Usiiguse."

Kwa hivyo nimeapa. Stendi yangu siku hizi nimeifunga kipima usawa, kile cha fundi chenye povu ndani ya maji, na povu lisipokaa katikati sibonyezi kitu, hata bibi harusi alie. Kichwa cha mtu nakiacha kwa mwenyewe, na mafuta napaka magotini. Ile nakala moja tu ndiyo sikuifuta. Kila Jumapili baada ya ibada Mzee wa Kanisa Kamau anapita kwangu, namwekea pale panapoanza kiti, na mimi natoka nje nikaote jua mpaka amalize.